Jani la Ngalama, Tope la Bwawa

Ukitoka Bamako, mji mkuu wa Mali, ukashika njia ya kaskazini kuelekea Kolokani, unaingia katika nchi ya Beledougou. Ni tambarare ya nyasi, mashamba ya uwele na miti iliyoachana, ambako mvua hunyesha miezi michache na sehemu kubwa ya mwaka ni jua na vumbi. Wenyeji ni wakulima wa Kibamana. Mmoja wa miti yao huitwa ngalama. Wataalamu wa mimea wa siku hizi wameuingiza katika ukoo wa mkungu wa pwani yetu, ingawa kwa sura hawafanani hata kidogo: majani ya ngalama ni madogo, na matawi yake ni membamba, huinama yenyewe bila kubebeshwa kitu.

Kwa majani hayo wanawake wa Beledougou walitengeneza nguo ambayo leo nakshi zake zimechapwa kwenye foronya za mito ya makochi huko Marekani, kwenye mapazia ya hoteli na kwenye majalada ya vitabu vinavyotaka kuonekana vya Kiafrika. Kwao huitwa bogolanfini, au bogolan kwa kifupi, nguo iliyofanywa kwa tope, na ulimwenguni nako imezoeleka kuwa ni nguo ya tope. Mimi naona tope limependelewa. Lipake kwenye pamba tupu, likikauka litapukutika, na kitakachobaki kitaondoka ukifua mara mbili tatu. Weusi wa bogolan hutoka mtini.

Pamba yenyewe ni ya kale katika nchi hizo. Al-Bakri, mwanajiografia wa Andalusia aliyeandika mwaka 1068, anataja vitambaa vidogo vya pamba vilivyotumika mithili ya fedha katika mji wa Sila, kando ya mto Senegal. Huko Bandiagara, kwenye mapango ya genge refu la mawe, wanaakiolojia wa Kiholanzi walikuta katika miaka ya 1960 na 1970 mabaki ya nguo walizozikwa nazo watu waitwao Tellem. Ya zamani kabisa ni ya karne ya 11 na ya 12, ya pamba na ya sufu, na baadhi yametiwa nili. Nguo hizo zilifumwa kwa mikanda myembamba iliyoshonwa ukingo kwa ukingo, na hivyo ndivyo inavyofumwa pamba ya bogolan mpaka leo. Ujuzi wa jani na tope haukuachiwa kaburi wala hati. Ulipita mkononi, kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu.

Kazi iligawanywa. Wanawake walisokota nyuzi. Wanaume waliketi kwenye kitanda cha mfumi wakatoa mkanda mrefu usiozidi upana wa kiganja kilichokunjuliwa. Mikanda ikaunganishwa ikawa shuka. Kuanzia hapo nguo ilirudi kwa mwanamke, na mwanamume hakuwa na la kufanya tena.

Kwanza shuka hulowekwa majini ili irudi kabisa, isije ikarudi baada ya kuchorwa na kuivuruga michoro. Kisha majani ya ngalama, mara nyingi pamoja na majani ya changara, mti mwingine wa nyika, hupondwa na kulowekwa au kuchemshwa mpaka maji yawe mazito. Nguo ikitumbukizwa humo hutoka ya manjano. Huanikwa juani, upande mmoja ukitazama juu, na upande huo ulioungua na jua ndio utakaochorwa, maana rangi yake imekolea zaidi. Mtu asiyejua angedhani nguo imekwisha kutiwa rangi. Kumbe umanjano huo ni matayarisho tu, na kama mambo yatakwenda sawa, hautabaki hata tone.

Tope huchotwa kwenye mabwawa yanayokauka baada ya masika, likatiwa chunguni na kufunikwa. Hukaa humo muda mrefu, hata mwaka mzima, mpaka lililochotwa la kijivu liwe jeusi na lenye harufu ya kuoza. Mchoraji hulipaka kwa kijiti cha mwanzi au kibapa cha chuma. Hapa ndipo pana ugumu ambao mtazamaji wa duka la vinyago haufikirii: mwanamke haichori nakshi. Anachora kile kinachoizunguka. Hupitisha mstari wa tope kandokando ya umbo, halafu akaijaza ardhi yote ya nguo weusi, sehemu baada ya sehemu, na umbo lenyewe likabaki halijaguswa. Kila mstari mweupe unaouona kwenye bogolan ni nafasi ambayo mkono uliizunguka pande zote mbili bila kuikanyaga.

Tope likikauka, nguo huoshwa. Hurudishwa kwenye maji ya majani, ikaanikwa, ikapakwa tena tope palepale ilipopakwa mwanzo. Mwisho kabisa yale maumbo ya manjano yaliyosalia hupakwa mchanganyiko wa karanga zilizosagwa, pumba za uwele, soda kali na maji. Yanageuka ya kahawia, yanaachwa juani siku kadhaa, na yakioshwa yanatoka meupe. Shuka moja iliyochorwa kwa nakshi ndogondogo huchukua majuma, na tope likidondoka pasipotakiwa hakuna cha kulifuta.

Kwa nini lazima jani litangulie? Majani ya ngalama na changara yana tanini kwa wingi, ile dutu chungu inayokausha ulimi ukitafuna tunda bichi, na tanini hushikamana na nyuzi za pamba. Tope la bwawa lina chuma. Likifunikwa chunguni na kuoza bila hewa, vijidudu hukigeuza chuma hicho kuwa cha namna inayoyeyuka majini, nacho hupenya kwenye nyuzi na kuikuta tanini ikikisubiri. Vikikutana na kupigwa na hewa hufanya weusi usioyeyuka tena. Ule mwaka wa kungoja chunguni, basi, ni sehemu ya kazi yenyewe. Wanawake wale hawakuwa na maabara. Walikuwa na chungu na subira, na walijua tope changa halifai.

Kemia hii imegunduliwa zaidi ya mara moja duniani. Wino wa Ulaya wa zama za kati ulikuwa tanini ya uvimbe wa mwaloni na chumvi ya chuma. Katika kisiwa cha Amami Oshima, Japani, hariri huchovywa kwenye supu ya vipande vya mti, kisha ikapelekwa kukandwa kwenye matope ya mashamba yenye chuma, na hutoka nyeusi ya kung'aa. Pwani yetu iliijua nusu ya somo hili: gome la mkandaa, lenye tanini tele, lilisafirishwa nje kwa ajili ya kudabighi ngozi. Weusi huo una ila moja. Chuma huzichosha nyuzi, kama wino ule wa Ulaya ulivyokula karatasi, na nguo za namna hii zikizeeka huanza kuchanika penye weusi.

Beledougou haikuitengeneza nguo hii kwa ajili ya urembo kwanza. Wabamana wanaamini iko nguvu katika viumbe na matendo, wanayoiita nyama, isiyo na uhusiano wowote na kitoweo chetu; hutoka kwa mnyama aliyeuawa, hutoka penye damu, na yaweza kumdhuru asiyejikinga. Mwindaji alivaa shati lililotiwa rangi ya magome na majani, likashonewa hirizi. Mwanamke aliyejifungua alivikwa bogolan. Na wasichana waliokeketwa walivikwa shuka maalumu iitwayo basiae, ambayo baadaye ilikwenda kwa mwanamke mtu mzima aliyewatunza, mwenye nafasi kama ya kungwi kwetu. Ukeketaji ni madhara, na hakuna nguo ya kuutakasa. Lakini anayeiruka sura hiyo atakuwa anasimulia historia ya pambo la ukutani, na sehemu kubwa ya nakshi za kale zilibuniwa kwa ajili ya miili ya wanawake walio katika maumivu.

Nakshi zina majina. Kuna mto wa kulalia wa mwanamke wa Mauritania, yaani tajiri asiyetwanga. Kuna kiwiko cha kenge, maana kenge humpeleka mwindaji penye maji. Kuna mamba, na kuna nakshi inayokumbuka vita vya shujaa wa kwao na Wafaransa. Aliyezoea kanga, ambayo jina lake limechapwa waziwazi chini ya mji wake, atauona utaratibu huu wa kificho: bogolan haiandiki neno, na maana kamili ya mpangilio wa alama zake walikuwa nayo wanawake wenyewe, tena wakubwa. Sarah Brett-Smith, mwanahistoria wa sanaa wa Kimarekani aliyefuatilia nguo hizi kwa miongo kadhaa, kitabu chake cha mwaka 2014 alikipa jina la ukimya wa wanawake. Alikuta kwamba hawakusema mambo mengi, na si kwa kutoyajua.

Hivyo vita na Wafaransa havikuwa hadithi tu. Mei 1880 msafara wa Gallieni, afisa wa jeshi la Ufaransa, ulishambuliwa na Wabamana wa Beledougou pale Dio, ukanyang'anywa mizigo. Miaka mitatu baadaye Wafaransa walijenga ngome Bamako. Mwaka 1915 Beledougou iliasi, na Diossé Traoré wa kijiji cha Koumi akawa kiongozi ambaye jina lake linatajwa mpaka leo. Uasi ulizimwa.

Chini ya wakoloni, na hata baada ya uhuru wa mwaka 1960, mtu wa heshima mjini Bamako alivaa bazini iliyopigwa ikang'aa, au kitenge cha kiwandani. Bogolan ilikuwa nguo ya shamba, ya wawindaji na vikongwe. Mmoja wa watu wa kwanza kuiandikia kwa kina alikuwa daktari: Pascal James Imperato, Mmarekani aliyekuwa Mali kwa kampeni ya kutokomeza ndui. Mwaka 1970, pamoja na mpiga picha Marli Shamir, alichapisha makala katika jarida la African Arts akieleza hatua zote, majani, tope na majina ya nakshi. Ni ajabu kidogo kwamba mchanja ndui ndiye aliyeona kilichowapita watu wa sanaa, ila labda daktari wa vijijini hukaribishwa uani ambako wengine huishia barazani.

Kilichoigeuza bogolan kilianzia darasani. Katika Taasisi ya Taifa ya Sanaa ya Bamako wanafunzi walifundishwa uchoraji kwa mtaala wa Kifaransa, kwa rangi za mafuta na turubai vilivyotoka ng'ambo kwa bei kubwa. Vijana sita, Kandioura Coulibaly, Klétigui Dembélé, Boubacar Doumbia, Souleymane Goro, Baba Fallo Keïta na Néné Thiam, walianza kujiuliza kwa nini mchoraji wa Mali asipake kwa vitu vya Mali. Wakaenda vijijini kujifunza kwa akina mama: jani gani, gome gani, tope la wapi. Mwaka 1978 waliunda kundi wakaliita Bogolan Kasobané. Kasobané ni kusema kifungo kimekwisha, na kwa vijana waliokuwa wakisubiri rangi kutoka Paris sioni haja ya kueleza kifungo kipi.

Waliyofanya hayakuwa kunakili. Walitafuta rangi nyingine kwenye miti ileile ya nyika: wekundu wa gome la mpeku, kahawia na kijivu za kila daraja kwa kuzidisha au kupunguza jani na tope. Waliingiza sura za watu na masimulizi kwenye nguo ambayo zamani ilikuwa na alama tupu. Waliitundika ukutani kama picha, wakatia sahihi ya kundi badala ya ya mtu mmoja, jambo ambalo wauza sanaa wa Ulaya hawakulizoea. Baadaye sinema nazo ziliwahitaji: mavazi ya filamu Guimba ya Cheick Oumar Sissoko, ya mwaka 1995, yalibuniwa na Kandioura Coulibaly. Mchoraji mwingine, Ismaël Diabaté, alifuata njia yake mwenyewe ya kupaka tope na majani akapata picha zisizo na umbo la kutambulika.

Tazama lakini kilichotokea kimyakimya. Kati ya sita wale, mwanamke ni mmoja. Kazi ambayo mwanamume wa Beledougou aliiacha mlangoni baada ya kushona mikanda, mjini ilikuwa kazi ya wanaume wenye vyeti, wanaojulikana kwa majina. Siwalaumu Kasobané, waliwataja walimu wao kuwa akina mama wa vijijini na waliiheshimu njia yao kuliko wengi waliowafuata. Ila jinsi bogolan ilivyopanda bei, ndivyo mkono wa mwanamke ulivyozidi kufichika, kama ngalama ilivyofichika nyuma ya tope.

Mtu aliyeipeleka nguo hii kwenye majukwaa ya mitindo alizaliwa Kati, karibu na Bamako, mwaka 1949. Aliitwa Seydou Nourou Doumbia. Mama yake alikuwa mdarizi. Yeye mwenyewe alianza kama mwanafunzi wa fundi cherehani, akapita Ouagadougou na Abidjan, akafika Paris mwanzoni mwa miaka ya 1970. Jina la Chris alilichukua kwa Christian Dior, na kwa jina la Chris Seydou ndipo alipoonyesha bogolan kwenye makoti na sketi fupi mwishoni mwa muongo huo.

Tatizo lake lilikuwa la kifundi na la dhamira kwa pamoja. Shuka ya Beledougou imepangwa kama ukurasa mzima. Ukipitisha mkasi katikati umekata kauli. Tena nakshi zake zimebanana na hazijirudii, kwa hiyo mkono wa kulia wa koti haufanani na wa kushoto. Chris Seydou alisita kuikata nguo yenye maana nzito namna hiyo. Suluhisho lake lilikuwa kuagiza bogolan mpya, yenye alama moja au mbili zilizorudiwa na nafasi pana katikati, iliyochorwa kwa ajili ya mkasi. Aliporudi nyumbani alikwenda hatua ya mbali zaidi: mwaka 1990 alishirikiana na kiwanda cha nguo cha ITEMA kuchapa kitambaa cha mashine chenye michoro ya bogolan. Kwenye kitambaa hicho hapakuwa na jani wala tope. Alifariki Bamako mwaka 1994, akiwa na miaka 44, na kabla ya kifo chake bogolan ilikuwa tayari vazi la vijana wa mjini.

Siasa nazo zilisaidia. Machi 1991 utawala wa Moussa Traoré uliangushwa baada ya maandamano yaliyomwaga damu, na katika miaka iliyofuata watu wa Bamako walitaka kitu cha kusema sisi ni Wamali bila kusema kabila. Bogolan ya Wabamana ikashika nafasi hiyo, ikavaliwa na waimbaji, watangazaji na wanafunzi. Wakati huohuo soko la watalii lilipanuka Ségou, Djenné na Mopti. Vijana walikata violezo vya plastiki, wakapaka tope juu yake kwa brashi, na sehemu nyeupe wakazitoa kwa jiki badala ya karanga na pumba. Kilichochukua majuma kilimalizika kwa siku. Michoro ikawa mikubwa na wazi, ya kuonekana toka ng'ambo ya barabara.

Wapo wanaozikejeli nguo hizo za violezo. Mimi sina kejeli nyingi kwazo. Angalau bado hupita kwenye maji ya ngalama, na ziliwalisha vijana ambao mashamba yalikuwa yamewashinda. Ninachokiona kibaya ni kitambaa cha kiwandani kinachouzwa kwa jina hilohilo: hakikunusa jani, na senti yake haifiki kijijini. Njia ya kuvitofautisha haihitaji utaalamu. Ya mkono imefumwa kwa mikanda, na viungio vyake unavipapasa kwa kidole. Nyeusi yake haiko sawa kila mahali, na nyeupe yake ina chembe za manjano pembezoni.

Wakati wanaume wakipata umaarufu mjini, huko Beledougou Nakunte Diarra aliendelea na kazi aliyofundishwa na mama yake na bibi yake. Alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1940, na mistari yake ni myembamba kiasi kwamba nguo ikikaa mbali huonekana ya kijivu. Mwaka 1992 Tavy Aherne alimwandikia kitabu, kilichotolewa na jumba la sanaa la Chuo Kikuu cha Indiana. Pengine hicho ndicho kitabu cha kwanza ambacho mchoraji wa bogolan wa kijijini anatajwa kwa jina lake jaladani, kama anavyotajwa mchoraji yeyote wa Ulaya. Mpaka hapo majumba ya makumbusho yaliandika kwenye vibao vyao kabila na nchi, basi.

Mwaka 2012 vita vilizuka kaskazini mwa Mali, na watalii wakakoma. Wauzaji wa Djenné na Mopti walibaki na marundo ya shuka. Miti nayo ina yake. Kuchuma majani hakuuui mti. Huchipua tena mvua zikija. Kubandua gome la mpeku ni jambo jingine, linalotaka mtu mwenye kiasi. Na ngalama ina kuni ngumu zinazotoa makaa mazuri, makaa yanayotafutwa sana na jiko la Bamako, kwa hiyo mchuma majani na mchoma makaa wanautazama mti mmoja kwa macho mawili tofauti.

Boubacar Doumbia, mmoja wa wale sita wa Kasobané, alihamia Ségou akaanzisha karakana ya Ndomo, iliyopewa jina la chama cha jando la wavulana wa Kibamana. Huko vijana wasio na kazi hufundishwa kufuma kwa mikanda na kutia rangi kwa majani, magome na tope, na hulipwa kwa wanachokitengeneza. Wageni wakifika huonyeshwa kwanza mapipa ya maji ya ngalama.